Sampuli ya Pap isiyotosha: kuiandika na kuipa msimbo

Ripoti ya kipimo cha Pap (uchunguzi wa seli za mlango wa kizazi ili kugundua mapema dalili za saratani) ikirudi imeandikwa kwamba sampuli haikutosha kusomwa, mlango wa kizazi bado haujachunguzwa. Hata hivyo, katika kliniki za Marekani ripoti hiyo mara nyingine huingizwa kwenye faili kama jibu lenye kasoro au, vibaya zaidi, kama jibu salama.

Kigezo cha sampuli kutosha kimewekwa na mfumo wa Bethesda wa 2014, yaani mwongozo wa kuandika ripoti za Pap: seli bapa kati ya 8,000 na 12,000 kwenye slaidi ya kawaida, au 5,000 kwa sampuli ya majimaji. Damu au usaha ukifunika zaidi ya asilimia 75 ya seli, sampuli haifai. Lakini zikionekana seli zisizo za kawaida, hata kidogo, sampuli huhesabiwa imetosha na ripoti hutaja kasoro hiyo.

Msimbo wa ICD-10-CM (orodha ya Marekani ya misimbo ya magonjwa na sababu za matibabu) kwa sampuli isiyotosha ya mlango wa kizazi ni R87.615. Kwa sampuli ya uke, kama ya mwanamke aliyeondolewa kizazi pamoja na mlango wake, ni R87.625. Wengi huuchanganya wa kwanza na R87.616, ambao ni wa sampuli iliyotosha ila haina seli za eneo la mpito, sehemu ya mlango wa kizazi ambako aina mbili za seli hukutana. Tofauti hii si ya makaratasi tu. Mwenye R87.615 arudie kipimo ndani ya miezi 2 hadi 4, mwenye R87.616 aliye na umri wa miaka 21 hadi 29 huendelea na ratiba yake ya kawaida. Ukikosea tarakimu moja, unamwita mtu bure au unamwacha mtu bila kipimo.

Siku ya kwanza ya uchunguzi hubaki na msimbo wa uchunguzi, kwa mfano Z12.4 (uchunguzi wa saratani ya mlango wa kizazi), maana ndiyo sababu iliyomleta mgonjwa. R87.615 huja siku anaporudi.

Medicare, bima ya serikali ya Marekani hasa kwa wazee, hulipia uchunguzi huu kila baada ya miezi 24, au 12 kwa aliye kwenye hatari kubwa, kwa hiyo dai la marudio huonekana limewahi mno. Uchukuaji wa sampuli ya pili huandikwa Q0091 (msimbo wa malipo ya kuchukua sampuli ya Pap) pamoja na alama ya nyongeza 76 (huduma iliyorudiwa), na R87.615 ikieleza sababu. Bima nyingi binafsi hazitumii Q0091, ulizeni kwanza.

Msimbo hausimami bila maelezo. Faili lionyeshe tarehe ya sampuli ya kwanza, maneno ya maabara yenyewe, chanzo (seli chache, damu, uvimbe, jeli nyingi ya kulainisha), siku mgonjwa alipoarifiwa na tarehe ya kurudi. Chanzo kikiwa ukavu baada ya kukoma hedhi, andikeni kama amepewa estrojeni ya ukeni kabla ya kurudia. Sampuli iliyokataliwa mlangoni mwa maabara, labda kwa kukosa jina au slaidi kuvunjika, ielezwe hivyo: haikusomwa kabisa.

Kipimo cha HPV (virusi vinavyosababisha saratani ya mlango wa kizazi) kilichofanywa kwenye sampuli hiyohiyo kikitoka hasi, kisitegemewe, kwa kuwa huenda hakukuwa na seli za kupima. Na sampuli ikishindikana mara mbili mfululizo, mgonjwa apelekwe kolposkopia (kuangalia mlango wa kizazi kwa kifaa cha kukuza), ripoti zote mbili zikiambatishwa kwenye rufaa.