Pepo hafukuzwi, huulizwa

Mgonjwa mpya akiketi mbele yangu, swali langu la kwanza ni "Mmepita wapi?" Nauliza kwa wingi maana haji peke yake. Yupo mama, yupo shangazi, na mlangoni kasimama mjomba na bahasha ya vipimo. Mwanzoni wanatazamana. Nikiwaambia kwamba hata kwetu wapo waliopigiwa ngoma, shangazi anashusha pumzi: "Tulianza kwa shehe, akamsomea, akampa na kombe la aya anywe. Hakupata nafuu, tukaenda Pangani kwa fundi wa pepo. Sasa ndio tumekuja kwako, mwanangu."

Mimi ni muuguzi wa afya ya akili, mkoani Tanga. Nimeacha zamani kuwagombeza watu kwa njia walizopitia.

Siku hizi vijana wananiuliza kuhusu "shamani", neno waliloliokota kwenye video za Ulaya na Amerika ya Kusini, wakitaka kujua kama huyo ndiye mganga wetu. Neno lenyewe ni la Waevenki wa Siberia. Kule, mwenye kazi hiyo hupiga ngoma mpaka roho yake ikasafiri kuwafuata mizimu waliko, ikarudi na habari. Uganga wa pepo wa pwani yetu umekaa kinyume. Msafiri ni pepo. Yeye ndiye anayekuja, anampanda mtu kichwani, na mtu huyo huitwa kiti. Mgeni keshafika, kilichobaki ni kujua atapokewaje.

Na wageni hawa wana kwao. Unguja na Pemba utamsikia ruhani, Mwarabu na Mwislamu, apendaye marashi, udi na nguo nyeupe. Yupo rubamba wa Pemba. Yupo habeshia, wa Uhabeshi. Yupo kibuki, aliyetoka Bukini, jina la zamani la Madagaska, na huyo hunywa brandi. Mama wa watu asiyeonja kileo maisha yake yote atainywa mbele ya wanawe, na kesho yake hakuna atakayesema fulani kalewa. Kibuki ndiye aliyekunywa. Wapange pepo hawa kwa asili zao, utapata ramani ya nchi ambazo majahazi yetu yalikuwa yakienda na kurudi.

Sasa tiba yenyewe. Watu wa mbali hudhani kazi ya fundi ni kutimua. Kutimua ni kazi ya wengine. Fundi anapunga, yaani anamwita pepo na kuzungumza naye. Anatia ubani kwenye chetezo, waimbaji wanaanza, na kila kabila la pepo lina nyimbo zake na mdundo wake, kwa hiyo watajaribu huu, wataacha, watajaribu ule, mpaka mwili wa mgonjwa uitike. Hapo fundi anamwamkia mgeni kwa adabu. Jina lako nani? Kwenu wapi? Umemkamatia nini huyu? Wataka nini?

Hayo maswali manne ndiyo uganga. Vingine vyote, chano, kafara, hirizi, ni mavazi yake.

Nilikuwa na miaka tisa nilipoyasikia mara ya kwanza, uani kwa bibi yangu, kwa mwanamke ambaye miezi mitatu alikuwa hali vizuri wala hasemi. Mumewe alikuwa ameoa mke wa pili na kuwaweka nyumba moja. Yeye hakulalamika, alikuwa mtu wa staha. Pepo ndiye aliyelalamika. Alidai pete ya fedha, doti mbili za kanga, na kiti chake kisilazwe chini ya paa moja na mke mwenza. Mume alikuwa pale pale, kaketi kwenye mkeka, wazee wamemzunguka. Angeambiwa na mkewe maneno hayo, angejibu kwa ukali. Kwa pepo alijibu "Naam." Nyumba ya pili ikajengwa kabla ya masika.

Wenzangu wa kazi hunishika hapo: kwa hiyo wewe unaamini pepo? Sihitaji kuamini wala kukanusha ili nione kilichotendeka. Mtu aliyefungwa mdomo alipewa mdomo mwingine, mbele ya mashahidi, na waliosikia wakalazimika kutenda. Ngoma za pepo waitwao zar, kule Ethiopia, Sudan na Misri, zina sura hiyo hiyo, na huko pia wengi wa wanaopandwa ni wanawake. Tena mgonjwa haondoki mikono mitupu. Anaingia kilingeni, kwenye uwanja wa ngoma ya pepo, anapata wenzake waliopitia yale yale, na pepo wake atahitaji kuandaliwa tena mwakani. Mimi kliniki yangu nampa dakika kumi na tano na tarehe ya kurudi.

Hata vitabu vya uainishaji wa magonjwa vimelikubali hilo nusu nusu. ICD, orodha ya Shirika la Afya Duniani, imeitaja hali ya kupandwa na pepo tangu toleo la 10, lakini inaihesabu ugonjwa pale tu inapomjia mtu bila hiari yake na nje ya mambo yanayokubalika katika dini au mila zake. Anayepandisha kilingeni, kwa siku yake na kwa nyimbo zake, si mgonjwa wangu. Anayepandisha jikoni peke yake, kila siku, akaungua na mafuta, huyo ni wangu.

Nisionekane nauza uganga. Nimeona mtoto wa miaka minne akifukizwa moshi wa mavi ya tembo siku mbili kwa sababu ana degedege, na wazee wameapa kwamba sindano itamuua. Degedege linaweza kuwa malaria iliyokwishapanda ubongoni. Huyo alifika kwetu usiku, na asubuhi hakuiona. Kifafa nacho kina vidonge vya bei nafuu, lakini nina wagonjwa waliochelewa miaka kumi, miili imejaa chale na makovu ya moto wa jikoni. Pepo huulizwa maswali akajibu. Malaria haijibu.

Na soko la leo limezidi kuharibu. Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala ya mwaka 2002 ilileta Baraza na usajili, na kila halmashauri ina mratibu wake. Vizuri. Ila Sheria ya Uchawi ya mwaka 1928, ya enzi za Mwingereza, bado ipo vitabuni, na mganga anaishi katikati ya hizo mbili. Ramli chonganishi, ile ya kumwambia mtu aliyekuroga ni shangazi yako, imewamaliza vikongwe wenye macho mekundu ya moshi wa kuni na watu wenye ualbino. Mwaka 2015 serikali ikatangaza kuwapiga marufuku wapiga ramli. Vibao kwenye nguzo za umeme vikaendelea: pete ya bahati, kumrudisha mpenzi, lipa kwa simu. Huyo wa simu hakuulizi kwenu wapi. Ameshajua unachotaka, na bei yake.

Kikombe cha Babu kule Samunge, Loliondo, mwaka 2011, hakikuwa utapeli wa namna hiyo. Mchungaji mstaafu Ambilikile Masapila alitoza shilingi 500 tu, na foleni ya magari ilikwenda kilomita na kilomita. Lakini pale nako hakuulizwa mtu jambo. Kikombe kimoja cha dawa yake kwa kisukari, kwa UKIMWI, kwa shinikizo la damu. Wapo walioacha ARV, dawa za kupunguza makali ya UKIMWI, baada ya kukinywa.

Fundi ninayeshirikiana naye ana umri wa mama yangu. Mara ya kwanza nilipomwendea nilikwenda na doti ya kanga, nikampa shikamoo, nikakaa chini. Alinieleza kitu ambacho darasani sikufundishwa: nyimbo zote zikiimbwa na asiitike yeyote, huo ni ugonjwa wa Mungu, wala si wake kuutibu. Tulikubaliana tangu siku hiyo. Homa na mtoto, asiguse. Anayeanguka na kutoa povu, aniletee kwanza. Mimi nami sitamwambia mgonjwa wake atupe hirizi.

Wiki iliyopita simu iliita saa kumi na moja alfajiri. Kijana wa chuo, siku ya tatu halali, anasikia sauti zinamtukana.

"Mwanangu, nimemwimbia zote," akasema fundi. "Huyu anayesema naye hana jina, hana kwao, wala hataki kitu. Namleta kwa bodaboda, fungua mlango."