Wikendi Mwanza na mzee wako: uliza choo kwanza, vivutio baadaye

Mi ni mtu wa fizio, wagonjwa wengi wananiita dokta wa mazoezi, na kila siku hapa Mwanza nashinda na magoti, viuno, migongo na watu waliopata stroku. Ukiacha lile swali la "ataacha lini fimbo", ndugu wa wagonjwa wananiuliza sana hili: tunataka kumleta mama mjini wikendi apunge upepo, tumpeleke wapi? Mi huwa siwajibu wapi. Nawauliza anatumia choo gani. Wanacheka, wanadhani natania.

Sitanii, manake nilishaharibu mwenyewe. Mwaka 2022 nilimleta mamkubwa wangu kutoka Bariadi, alikuwa na miaka 71, presha anayo, goti la kulia limekwisha, ila akili na mdomo vizima kunizidi mimi. Nikampangia Jumamosi moja tu yote hii: asubuhi soko la Mwaloni Kirumba tuone samaki na dagaa, saa nne boti ya kisiwa cha Saanane, mchana Makoroboi achague vitenge, jioni Capri Point kuangalia jua likizama. Mimi huyo, niliyesomea miili ya watu! Saa nane mchana miguu imevimba mpaka viatu haviingii, hasemi kitu, ananiangalia tu. Jumapili aligoma kutoka kabisa, akashinda na dada wa jikoni pale lodge wanachambua mchele, na nadhani hiyo ndo siku aliyoifurahia. Na hiyo lodge nilipopiga simu kuulizia waliniambia vizuri tu "chumba kipo chini dada, hamna shida", na kweli kipo chini, ila kutoka gari linapoishia mpaka huko chini kuna ngazi 19. Nazijua idadi kwa sababu tulipumzika ya 7 na ya 13.

Huu mji ni wa mawe jamani. Watu wanaona picha ya Bismarck Rock pale Kamanga wanasema waoo, wanasahau kwamba nyumba zetu nazo zimekalia mawe ya namna hiyohiyo, Bugando mlima, Isamilo mlima, Capri Point mlima, Mabatini ndo usiseme. (By the way ya Kisukuma: hilo jiwe la Bismarck ndo kivutio rafiki kuliko vyote kwa goti bovu, unaliona umekaa kwenye gari, unateremsha kioo, mzee anakula karanga zake, mnaondoka.) Kwa iyo ukiulizia chumba, "ghorofa ya ngapi" haitoshi. Uliza gari linashushia wapi hasa, na kutoka hapo mpaka kitandani ngazi ngapi, na zina pa kushika au ni ukuta mtupu. Mi siku hizi naomba mtu atembee na simu anirekodie video kutoka getini mpaka chooni, anitumie wasap. Wakianza kusitasita najua jibu.

Sasa choo. Choo cha kuchuchumaa kwa mtu mwenye goti lililoisha, kwenda chini ataenda, kurudi juu ndo kazi, na yuko peke yake mle ndani na sakafu ina maji. Kwa hiyo chumbani lazima kiwe cha kukaa, na kila mnapokwenda kula ulizia kabla hujaagiza chochote, sehemu nyingi nzuri tu za pembeni ya ziwa zina mandhari ya ajabu na choo cha kuchuchumaa.

Hili linaungana na dawa. Wengi wenye presha wanameza kidonge cha kukojoza, cha kutoa maji mwilini. Akimeza asubuhi, masaa kadhaa yanayofuata atakitafuta choo mara nyingi. Wazee wanalijua hilo vizuri kuliko sisi, na kwa sababu hawataki kuaibika kwenye gari la mtoto wanafanya moja kati ya mawili kimyakimya: hawanywi maji, au siku ya matembezi hawamezi dawa. Yote mawili mabaya, na jua la hapa halina huruma, akisimama ghafla kizunguzungu anaanguka. Dawa yake sio kumgombeza. Msipange kitu cha mapema, amke, anywe chai taratibu, ameze dawa, aende chooni mara zake, mtoke saa nne hivi mkiwa na uhakika choo kiko wapi mnapokwenda. Na kama mnaona muda wa kumeza ni tatizo, daktari wake ndo wa kuubadilisha, sio wewe na sio mimi. Halafu dawa zikae kwenye pochi yake ya mkononi, sio kwenye begi la buti.

Usafiri. Bodaboda sitaki hata kuisikia. Bajaji kwa mwendo mfupi sawa. Watu wenye uwezo wanakosea kuazima ile V8 ya kaka, wanaona ni heshima, mzee anasimama chini anaangalia ule mlango kama anaangalia dari. Mwambie dereva akuletee Toyota Raum. Mlango wa nyuma ni wa kuteleza, hauhitaji kujikunja kuukwepa, na sakafu iko chini. Kuingia ni hivi: ageuke aupe kiti mgongo, akae kwanza makalio yatue vizuri, halafu ndo aingize miguu mmoja mmoja, unaweza kumtandikia mfuko wa nailoni kwenye kiti ateleze kirahisi. Usimsukume. Usimvute mkono pia, hilo la kuvuta mkono nimeona mabega mangapi yameumia! Mpe kiwiko chako akishike yeye, hapo ndo anayeamua mwendo ni yeye, na niamini hata kiburi kinapungua, manake mtu mzima hapendi kushikwashikwa kama mwizi.

Mara ya pili kumleta mamkubwa ilikuwa Agosti 2025, hamna mvua, yeye 74. Sheria yangu ilikuwa kitu kimoja kwa siku, basi. Ijumaa kufika stendi ya Nyamhongolo na kulala. Jumamosi Bujora.

Bujora kama hupajui ni pale Kisesa, barabara ya Musoma, kilomita kama 20 kutoka mjini, makumbusho ya Wasukuma yaliyoanzishwa na padri wa Kikanada, David Clement, na watu wa hapo. Gari linapanda mpaka ndani, ila majengo yametawanyika kwenye kilima katikati ya mawe kwa hiyo kutembea kidogo kupo. Kwenye buti nilibeba stuli ya plastiki, ile ya kawaida kabisa ya mama ntilie, na hiyo stuli ndo iliyookoa siku. Fimbo nikamhamishia mkono wa kushoto, manake goti bovu ni la kulia na fimbo inashikwa upande wa mguu mzima, watu wengi wanashika upande wa ugonjwa wanajiongezea tabu. Kwenye vidato nikamkumbusha, mguu mzima unapanda kwanza, mguu mbovu unashuka kwanza. Akaniambia "we mtoto, mi napanda mawe tangu mama yako hajazaliwa", akapanda nilivyosema.

Kijana mwongozaji akamsalimia vizuri, mwangaluka mayu, wakaelewana palepale. Akaanza maelezo yake, ngoma za watemi, mapambo, mikuki, mpaka tukafika kwenye vibuyu, akachukua kimoja akasema hiki kilitumika kusuka maziwa kupata siagi, akakitikisa hewani hivi kama mtu anayetikisa soda. Mamkubwa akaomba stuli. Akakaa, akakipokea, akakilaza juu ya mapaja kwa kitambaa chake cha kichwa, mkono mmoja shingoni mmoja kitakoni, akaanza kukisukuma mbele na nyuma polepole, mwendo mmoja, bila haraka, akamwambia yule kijana "unasikiliza, sauti ikibadilika ikawa nzito ujue siagi imeshikana, ukitikisa vile unachosha mkono tu". Kijana akakaa chini sakafuni. Basi ndo ikawa hivyo, dakika arobaini, kibuyu kimoja, kisha wakahamia kwenye Bagika na Bagalu, yale makundi mawili ya ngoma yanayoshindana kwenye sherehe ya Bulabo mwezi wa sita, baba yake alikuwa Mgika na ana hadithi za dawa walizokuwa wanafukia uwanjani ambazo sitaziandika hapa. Lile jengo la watemi lenye umbo la kiti cha enzi tuliliona kwa nje tu. Nusu ya makumbusho hatukuigusa. Mara ya kwanza ningemharakisha, ningesema mamkubwa twende bado kuna vingine.

Kuhusu hiyo Bulabo watu wananiuliza, ni raha ndiyo, wanacheza mpaka na nyoka, ila ni kusimama juani na vumbi na umati, ukimpeleka mzee peleka kiti na mwavuli na uwe tayari kuondoka kabla ya utamu.

Jioni samaki. Hapa nina mawili matatu ya kusema. Agiza kwa simu mapema, manake sato wa kukaanga akiagizwa mezani unasubiri mpaka njaa inaisha, na mwenye sukari hawezi kusubiri hivyo. Kama meno yamepungua chukua mnofu wa sangara, sato ana miiba. Na mle kukiwa bado na mwanga, huku jua linazama karibu saa moja jioni, kaeni kumi na moja na nusu, mzee aone mwiba, aone na jua likizama, kisha mwondoke kabla mbu hawajaanza kazi. Kiti chagua cha kawaida chenye mikono, miguu yake ikanyage chini bapa, sio yale masofa ya kuzama, akizama humo mtaitana watu wawili kumtoa. Atataka kunawa miguu ziwani, wote wanataka, mwambie kichocho kipo, mletee maji kwenye ndoo.

Saanane safari hii hatukwenda. Sikukatazi, kisiwa kizuri, ni hifadhi ya taifa tangu 2013, boti ni mwendo wa dakika chache tu kutoka Capri Point na mzee anaweza kukaa chini ya mti akaangalia swala na pimbi bila kupanda jiwe lolote. Shida ni ile hatua moja ya kuingia botini, boti inacheza na gati haichezi. Nendeni asubuhi maji yakiwa yametulia, mchana upepo wa ziwani ukianza mawimbi yanaanza, avae laifujaketi akiwa amekaa, na mabaharia wawili wampokee, sio wewe mwenye viatu vya kuteleza.

Jumapili baada ya misa nikamuuliza anataka nini, nikidhani atasema kupumzika. Akasema anataka kuona hilo daraja la Busisi. Zamani akiwa msichana dada yake aliolewa Sengerema, wakienda kumsalimia wanafika Kigongo wanakuta foleni, wanasubiri kivuko kirudi, mara nyingine jua linazama mko hapohapo na kuku kwenye tenga. Daraja limefunguliwa Juni 2025, kilomita 3. Tukaenda na Raum yetu, Usagara, tukakunja kuelekea Kigongo, nusu njia tukasimama anyooshe miguu, hata kama hajaomba, akikaa sana ndo inavimba. Kufika darajani nikamwambia dereva apunguze mwendo. Mamkubwa ameteremsha kioo, upepo unampiga, ziwa huku na huku, kashika kilemba kwa mkono mmoja. Dakika kama nne, tano. Tukatokea upande wa pili.

"Ndo tayari?"

Ndo tayari mamkubwa.

Akageuka nyuma kuangalia. Akasema hapana, hiyo haikuwa safari, turudi tuivuke tena. Dereva akacheka akageuza gari.

Jumatatu asubuhi nikampeleka stendi, sikutaka asafiri Jumapili jioni na uchovu. Nikamkatia siti ya mbele karibu na mlango, upande wa njia ili lile goti la kulia analinyoosha, nikamkumbusha Lamadi ashuke kidogo atembee. Akaitikia bila kunisikiliza, akaniuliza ile gari yenye mlango wa kuteleza inabeba watu wangapi. Nikamwambia nyuma watatu, mbele mmoja. Akanyamaza, naona anahesabu kwa vidole.