Leseni ya Benki Kuu si hirizi

Barazani hapa Lamu utasikia mtu akisema, "Benki yangu iko chini ya Benki Kuu, haianguki." Imani hii ni kongwe, lakini si kweli. Mwaka 2015 Dubai Bank na Imperial Bank zilifungwa, na Aprili 2016 Chase Bank ikafuata. Zote zilikuwa na leseni.

Wakaguzi wa Benki Kuu ya Kenya hupekua vitabu: mtaji unatosha? Mikopo inalipwa? Je, angalau asilimia 20 ya amana iko taslimu, au katika mali inayogeuzwa taslimu upesi? Benki moja ikianguka, kazi yao kubwa ni isiangushe nyingine. Ndiyo maana Chase Bank ilifunguliwa tena mwezi uleule chini ya usimamizi wa benki nyingine, KCB, kabla hofu ya wateja haijasambaa zaidi. Imperial iliishia kufilisiwa.

Na pesa zako? Shirika la bima ya amana hulipa hadi shilingi 500,000 kwa kila mteja katika kila benki, kiwango kilichoanza Julai 2020; kabla ya hapo kilikuwa 100,000 tu. Mwenye hoteli pale Shela (na wapo wenye mamilioni) ajue kwamba kinachozidi hapo husubiri mali ya benki iuzwe, pengine kwa miaka.