Taruma bovu na sheria ya 1980: reli za mizigo za Marekani zilivyoanguka na kuinuka

Wengi wanaamini reli za Marekani ziliuawa na malori na ndege. Barabara kuu zilizojengwa chini ya sheria ya 1956 zilichukua mizigo, ndege zikachukua abiria, na hilo halina ubishi. Lakini ushindani peke yake hauelezi kwa nini, kufikia miaka ya 1970, behewa lililosimama tuli liliweza kuanguka relini bila kuguswa na mtu. Ili kulielewa hilo lazima tuanze chini, kwenye taruma, yaani gogo linalolazwa chini ya reli kuishikilia.

Mataruma mengi ya Marekani ni ya mbao iliyotiwa kreosoti (mafuta ya kuzuia kuoza), yakiachana karibu nusu mita. Kwenye kipande cha reli cha mita 11.9, urefu wa kawaida wa zamani, yanaingia kama 24. Kilomita moja inachukua karibu 2,000. Taruma zuri hudumu miaka 25 hadi 35. Maana yake ni kwamba kampuni inapaswa kubadilisha asilimia tatu au nne ya mataruma yake kila mwaka, biashara iwe nzuri au mbaya. Ukiruka mwaka mmoja huoni tofauti yoyote, na hapo ndipo mtego ulipo: ni gharama rahisi mno kuahirisha.

Ukiahirisha miaka kumi, mambo yanakwenda hivi. Kokoto za chini ya mataruma zinajaa vumbi na udongo, maji yanakosa pa kutokea, na kila gurudumu linapopita taruma linadidimia na kupandisha tope. Mbao inaoza kuzunguka matundu ya misumari. Msumari ukilegea, reli inaanza kusogea nje. Upana unaotakiwa kati ya reli na reli ni milimita 1,435. Kanuni za usalama zinavumilia hadi 1,473 kwenye daraja la kwanza la njia, ambako treni ya mizigo haitakiwi kuzidi kilomita 16 kwa saa. Daraja hilo, mahali palipo nyooka, linadai mataruma mazima 5 tu kati ya yale 24. Njia ya kupitisha mizigo kwa kilomita 97 kwa saa inadai 12. Mabovu yakifuatana mengi mno, reli inalala upande kwa uzito wa behewa na gurudumu linatumbukia katikati. Hakuna haja ya mwendo wowote, uzito unatosha.

Kufikia 1976, zaidi ya kilomita 75,000 za njia zilikuwa chini ya amri ya kupunguza mwendo. Piga hesabu ya gharama yake. Sheria inakataza wahudumu wa treni kuwa kazini zaidi ya saa 12. Kwa kilomita 16 kwa saa, saa 12 zinakupeleka kilomita 192 tu, kisha treni inasimama porini ikisubiri wahudumu wapya waletwe kwa gari. Unalipa mishahara miwili kwa safari ya mmoja, mzigo unachelewa, mteja anahamia kwenye lori, na pesa ya mataruma inapungua tena.

Kwa nini hawakupandisha nauli ya mizigo pale ilipowezekana, na kuishusha pale walipohitaji kumvuta mteja? Kwa sababu hawakuruhusiwa kuamua wenyewe. Tume ya serikali ya kusimamia biashara kati ya majimbo, iitwayo ICC, iliundwa 1887 na mwaka 1906 ikapewa nguvu ya kuweka ukomo wa nauli. Wakati huo ilikuwa haki kabisa, maana mkulima wa bara hakuwa na njia nyingine ya kufikisha nafaka sokoni. Tatizo ni kwamba malori yalipofika, sheria ilibaki palepale. Mfano unaonisikitisha kuliko yote ni wa kampuni ya Southern Railway. Mwaka 1961 ilileta mabehewa ya aluminiamu ya kubebea nafaka, yakiitwa Big John, yenye uwezo wa tani 100 za Kimarekani (kama tani 90 za kawaida). Kwa mabehewa hayo ilitaka kushusha nauli kwa takriban asilimia 60. ICC ikaikatalia isishushe. Kesi ilifika hadi Mahakama ya Juu, na suala halikumalizika hadi 1965. Miaka minne ya kuomba ruhusa ya kuuza kwa bei nafuu!

Kaskazini mashariki ndiko mambo yalikoharibika zaidi. Kampuni za reli za Pennsylvania na New York Central ziliungana Februari 1968 kuwa Penn Central, na tarehe 21 Juni 1970 ikafilisika. Serikali ilianzisha Amtrak mwaka 1971 kubeba abiria, na Aprili 1976 ikaanzisha Conrail kutoka mabaki ya Penn Central na kampuni nyingine zilizofilisika. Conrail ilipewa mabilioni ya dola, ikabadilisha mataruma na reli kwa kasi kubwa, na bado ikaendelea kula hasara. Njia ilikuwa inapona, lakini bei zilikuwa bado zimefungwa.

Sheria ya Staggers, aliyoisaini Rais Carter tarehe 14 Oktoba 1980, ndiyo iliyofungua. Kampuni ya reli na mwenye mzigo waliruhusiwa kuandikiana mkataba wa siri: huyu anaahidi kiasi cha mzigo, yule anaahidi mabehewa na muda wa kufika. Nauli haziwezi kupingwa mbele ya wasimamizi wa serikali ila pale ambapo reli haina mshindani na mapato yake yamevuka asilimia 180 ya gharama zinazobadilika na mzigo. Kufunga njia isiyolipa nako kulirahisishwa. Mwaka 1981 Conrail, chini ya mkuu wake Stanley Crane, ilipata faida, na 1987 hisa zake zikauzwa kwa umma.

Gharama ya uponyaji huo isifichwe. Mtandao uliofikia kilomita 409,000 mwaka 1916 leo ni kama 225,000, na miji mingi midogo ilibaki na tuta tupu. Ajira kwenye kampuni kubwa zilikuwa zaidi ya 450,000 mwaka 1980. Leo hazifiki 150,000. Behewa la gadi liliondolewa, na mahali pake pakawekwa kifaa kinachofungwa kwenye behewa la mwisho, kinachopima shinikizo la hewa ya breki na kulituma kwa redio hadi kwa dereva.

Pesa zilizopatikana zilikwenda kwenye njia, na pia kwenye kupandanisha makontena mawili. Behewa lake lina sakafu iliyozama kati ya magurudumu, kontena la chini linakaa karibu kabisa na reli, na la juu linafungwa kwalo kwa vifungo vya pembeni. Makontena mawili ya futi 20 yanakaa chini, kamwe si juu. La futi 53 linaweza kupanda juu ya la futi 40. Kimo chote kinafika kama mita 6.15, kwa hiyo mahandaki ya zamani hayakutosha. Kampuni ya Norfolk Southern ililazimika kupanua mahandaki 28 katika milima ya Appalachia kabla ya kufungua njia ya kupitisha makontena yaliyopandana mwaka 2010.

Abiria ndio hawakufaidika sawasawa. Sehemu kubwa ya safari za Amtrak hupita kwenye reli za kampuni za mizigo, na sheria ya tangu 1973 inaipa treni ya abiria kipaumbele. Lakini kwenye njia moja treni mbili hupishana pale tu palipo na njia ya pembeni, na kampuni zimerefusha treni za mizigo hadi nyingine zinapita kilomita tatu, wakati njia nyingi za pembeni ni fupi kuliko hapo. Treni ndefu haiingii, kwa hiyo inayojibanza ni ile fupi ya abiria, sheria iseme itakavyosema. Julai 2024 Wizara ya Sheria iliishtaki Norfolk Southern kwa kuichelewesha treni ya Crescent, inayokwenda kati ya New York na New Orleans. Dawa ya kiufundi inajulikana: ama urefushe njia za pembeni, ama upange treni ziingie kwenye zile zilizopo.