Kuokoka si kukamilika siku moja

"Si umeokoka wewe?" Maneno hayo alirushiwa mama mmoja muuza samaki hapa Malindi, alipomfokea mteja kwa ajili ya chenji ya shilingi 20. Alinyamaza, kisu mkononi, magamba yamemganda hadi kwenye viwiko. Iliniuma. Wengi wetu tumelelewa tukiamini kwamba aliyezaliwa mara ya pili hakosei tena.

Biblia haisemi hivyo. Katika Yohana 3, Yesu anamweleza Nikodemo, aliyemjia usiku, habari za kuzaliwa mara ya pili; neno la Kigiriki lililotumika pale, anothen, lina maana pia ya "kutoka juu". Huo ni mwanzo, na mtoto hazaliwi akitembea. Waraka wa kwanza wa Yohana, ulioandikiwa waumini, unasema wazi kwamba tukidai hatuna dhambi tunajidanganya. Hata Petro, akiwa mtume tayari, alikemewa na Paulo kule Antiokia kwa kujitenga na waumini wasio Wayahudi.

Kinachogeuka kwanza ni upande ambao mtu anaelekea. Yule mama aliiacha meza yake, akamfuata mteja hadi penye tuktuk, akampa zile shilingi 20 na kumwomba radhi.