Seli shina, boksi la poda na pesa za korosho: maswali kutoka Mtwara na Lindi

Malipo ya mnada wa korosho yakishaingia kwenye simu za wakulima, wauzaji wa tiba nao hawakawii kushuka stendi. Siku hizi wengi wanauza kitu wanachokiita tiba ya seli shina. Nimekusanya hapa maswali ninayoulizwa mara kwa mara.

Daktari, hizo seli shina ni kitu gani?

Ni seli ambazo bado hazina kazi maalumu. Zikigawanyika, nyingine hubaki zilivyo, nyingine hugeuka kuwa seli za kazi fulani. Unazo tayari mwilini. Zinazojulikana zaidi zimo kwenye uloto, ile tishu laini iliyo ndani ya mifupa, na ndizo zinazozalisha damu yako yote. Chembe nyekundu moja huishi siku 120 hivi, kwa hiyo uzalishaji haupumziki hata siku moja.

Kwa hiyo ni kweli zinatibu?

Ndiyo, na si jambo la jana. Daktari Mmarekani E. Donnall Thomas alianza kuwapandikizia wagonjwa uloto miaka ya 1950, na mwaka 1990 akapewa Tuzo ya Nobel. Tiba hiyo leo hutumika kwa saratani za damu, kwa uloto ulioshindwa kutengeneza damu, na kwa selimundu, ugonjwa wa kurithi wa chembe nyekundu za damu. Hapa nchini Muhimbili walianza kupandikiza uloto mwaka 2021, na Hospitali ya Benjamin Mkapa, Dodoma, inawapandikizia watoto wenye selimundu tangu 2023.

Ila angalia orodha hiyo: karibu yote ni magonjwa ya damu. Nje ya damu, tiba zilizothibitishwa ni chache sana, kama kurudishia ngozi ya mtu aliyeungua vibaya au kutengeneza upya uso wa mboni ya jicho lililounguzwa na kemikali.

Shikamoo daktari. Mama yangu huku Newala ana kisukari na presha. Kuna kijana amefanya semina, anauza boksi la paketi za poda. Unamwaga chini ya ulimi asubuhi kabla ya kula. Anasema zina seli shina. Mama anywe?

Marahaba. Asinywe, na hela ya boksi hilo inunue dawa zake.

Chukua boksi, ligeuze, usome maandishi madogo ya ubavuni. Mara nyingi utakuta unga wa tofaa, zabibu na matunda mengine, sukari kidogo na ladha. Seli ya tofaa, hata kama ingekuwa hai, haiwezi kugeuka kuwa kongosho la binadamu, kiungo kinachodhibiti sukari mwilini. Na haiko hai. Imekaushwa, imesagwa, imekaa kwenye paketi miezi. Ukiimeza, tumbo linaifanyia kile linachofanyia embe na muhogo: linaisaga. Ndiyo maana hospitalini seli shina za kweli hupitishwa kwenye mshipa, zikiwa hai, baada ya kupimwa kama zinaendana na mgonjwa. Hakuna anayezinywa.

Muulize kijana swali moja tu: bidhaa hii imesajiliwa na TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba, kama dawa ya kisukari? Akikuonyesha karatasi ya usajili wa chakula, hiyo ni karatasi ya chakula.

Poda yenyewe huenda isimdhuru. Kinachonitisha ni yale maneno ya semina, "ukianza hii, zile za hospitali pumzisha." Mgonjwa wa presha aliyepumzisha vidonge anaweza kuletwa wodini mdomo umepinda, mkono mmoja hauinuki. Hicho ni kiharusi.

Lakini jirani yetu alitumia na magoti yakapoa.

Simkatalii kwamba amepata nafuu. Maumivu ya magoti huja na kuondoka yenyewe, na watu hununua dawa siku yamezidi, kwa hiyo siku zinazofuata lazima zionekane afadhali. Muulize pia kama naye sasa anauza. Wengi wa watoa ushuhuda wanapata kamisheni.

Kaka yangu alianguka kwenye mnazi huku Kilwa, miguu haifanyi kazi. Tumeambiwa tuuze shamba apelekwe nje akachomwe seli shina mgongoni.

Poleni sana. Majaribio kwa walioumia uti wa mgongo yanaendelea katika nchi kadhaa, lakini hadi sasa hakuna tiba ya seli shina iliyothibitishwa kumrudisha mtu kutembea. Jaribio la kweli halimtozi mgonjwa mamilioni. Kliniki inayokwambia uuze shamba inafanya biashara. Huko Marekani, Florida, wanawake watatu walilipia kuchomwa seli zao wenyewe machoni, zilizotolewa kwenye mafuta ya tumbo. Walipofuka au kupungukiwa sana uwezo wa kuona, na madaktari wakaandika habari zao mwaka 2017. Shamba libaki. Kaka anahitaji mazoezi ya viungo, kugeuzwa kila baada ya saa mbili asipate vidonda, na uangalizi wa kibofu.

Na UKIMWI je?

Mmarekani mmoja mwenye VVU, Timothy Ray Brown, alipona baada ya kupandikizwa uloto Berlin, lakini alikuwa na saratani ya damu, na mchangiaji wake alikuwa na kinga ya kuzaliwa ambayo ni adimu. Upandikizaji wenyewe unaweza kuua. Endelea na ARV.

Mwanangu ana selimundu. Nianzie wapi?

Anzia hospitali iliyo karibu, uulize kliniki ya selimundu: Ligula pale Mtwara, Sokoine pale Lindi, au Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Kusini. Ulizia haidroksiyurea, maana watoto wengi hupungukiwa maumivu kwa dawa hiyo tu. Upandikizaji unafikiriwa kwa mtoto ambaye ugonjwa umemzidi, kwa mfano aliyepata kiharusi, na daktari ndiye anayeandika rufaa.

Kabla ya kupandikizwa, mtoto hupewa dawa kali za kuua uloto wake. Kisha seli za mchangiaji hudondoshwa kwenye mshipa kama anavyoongezewa damu, bila kupasuliwa. Wiki kadhaa zinazofuata hana kinga, hukaa chumba cha peke yake, na seli mpya zinaweza kuushambulia mwili wake. Mchangiaji bora ni ndugu wa baba na mama mmoja, na kila ndugu ana nafasi moja kati ya nne ya kuendana naye. Wazazi huniuliza kama ndugu aliyerithi selimundu kwa mzazi mmoja tu anafaa. Akiendana, anafaa.