Je, picha ya CT scan inajuaje kama saratani ya pafu imeshachimba?

Ami yangu alirudi Wete na bahasha kubwa kwapani. Akakaa barazani, akaitoa filamu ya CT scan, picha ya mionzi inayoonyesha mwili kipande kwa kipande, na kuiinua juani kama mtu anayekagua noti ya bandia. Kwenye pafu la kulia palikuwa na doa la kijivu, mfano wa pumzi uliyoipulizia kwenye kioo. Daktari kamwambia arudi baada ya miezi sita apigwe tena. "Sasa wanangoja nini? Kama kitu kibaya si wakikate!"

Doa la namna ile laweza kuwa maambukizi tu, likafutika lenyewe. Likidumu, huenda ikawa hatua ya mwanzo ya adenokasinoma, aina ya saratani ya pafu inayoongoza kwa wingi, na ambayo huwapata hata wasiowahi kuvuta sigara.

Nilimkumbusha nyumba za Mji Mkongwe. Kuna kuvu linalotambaa juu ya chokaa: ukuta umebadilika rangi, lakini umesimama. Na kuna mche wa mtini unaoota kwenye ufa, mzizi ukapenya baina ya mawe mpaka ukuta ukapasuka. Saratani hii nayo mara nyingi huanza kama kuvu. Seli zinatambaa kwenye kuta za vifuko vya hewa, na hewa bado imo ndani. Ikichimba, yaani ikigeuka mzizi, inavunja zile kuta, inaziba vifuko na kuacha kovu gumu.

Basi siri yote ni hewa. CT scan hupima jinsi mionzi inavyozuiwa na kila nukta ya mwili, kwa kipimo chenye jina la Godfrey Hounsfield, Mwingereza aliyepata Nobeli mwaka 1979 pamoja na Allan Cormack, mzaliwa wa Afrika Kusini. Maji ni 0, hewa ni hasi 1000. Doa likisoma hasi 600, humo mna hewa nyingi iliyochanganyika na seli. Kiini chake kikianza kuwa cheupe na kupanda kufika sifuri na zaidi, hewa imeshafukuzwa, na hapo ndipo mzizi unaposhukiwa. Wataalamu wa maabara wameweka mpaka: kwenye uvimbe usiozidi sentimita 3, sehemu iliyochimba ikiwa haivuki milimita 5, huitwa saratani iliyochimba kidogo, na akifanyiwa upasuaji mgonjwa karibu kila mara hupona. Milimita 5 ni kama kichwa cha karafuu kavu.

Jicho la daktari huona kijivu na nyeupe. Kompyuta huhesabu nukta moja moja: ujazo wa doa, ukingo ulivyo na miiba, weupe ulivyosambaa. Hufundishwa kwa picha za watu waliokwisha kupasuliwa na nyama zao kuangaliwa kwa hadubini, yaani maswali yenye majibu tayari; ikipewa picha mpya hutoa makisio. Mimi sipendi wanaosema mashine "imeiona saratani". Haijawahi kuona seli hata moja. Tena makovu ya zamani ya kifua kikuu nayo ni meupe na magumu, na programu iliyofundishwa kwa picha za nchi nyingine, kwa mashine nyingine, huweza kuteleza hapo. Neno la mwisho bado ni la hadubini.

Lakini makisio hayo yanasaidia kuamua: kukatwa kipande kidogo, kuondolewa sehemu nzima ya pafu, au kungoja. Doa la kijivu tupu, lisilo na kiini cheupe, hukua polepole sana, na miongozo inaruhusu kulifuatilia hata miaka 5.

Miezi sita ikafika, ami akarudi kupigwa picha. Daktari akaomba kwanza ile ya zamani, akaziweka zote mbili kwenye taa na kupima. Milimita zile zile. Ami kazihifadhi filamu chini ya godoro, pamoja na hati ya shamba la mikarafuu.